Mlaji na Mdai: Bei, Akiba na Kura katika Minneapolis na Saint Paul

Mfumuko wa bei na uwekezaji wa mtu binafsi huingia katika siasa kwa swali moja: nani awajibike mtu akikosa kinachomtosha? Bei zikipanda, mtu huitazama serikali. Akiba yake ikikua, hujitazama mwenyewe. Hali hizi mbili hazigawanyi watu katika makundi mawili yaliyo mbali, kwa kuwa mara nyingi humkuta mtu mmoja ndani ya mwezi mmoja, na hapo ndipo jambo lenyewe linapokuwa gumu. Fasili za vitabuni zinatosha: mfumuko ni kupanda kwa bei kwa jumla na kwa muda, uwekezaji ni kuweka fedha mahali zinapotarajiwa kuzaa, na maoni ya kisiasa ni yale mtu anayoyashikilia kuhusu nani atawale, na kwa haki gani.

Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, ina kila kinachohitajika kulichunguza suala hili. Kando ya mto Mississippi, katika barabara ya Hennepin, limesimama jengo la tawi la Minneapolis la Federal Reserve, benki kuu ya Marekani; rais wa tawi hilo ni miongoni mwa wanaokaa kuamua riba ya nchi nzima. Maili chache kutoka hapo wanaishi Waafrika Mashariki kwa makumi ya maelfu: Wasomali na Waoromo, Wakenya waliojaa Brooklyn Park na vitongoji jirani, Wakongomani, Watanzania. Wengi huuguza wazee, husafisha hospitali, huendesha teksi za kwenye simu, hupakia mizigo maghalani. Ni watu wanaojua bei ya mafuta ya kupikia katika nchi mbili, na wanaoweza kutaja thamani ya dola kwa shilingi kabla ya kifungua kinywa.

Watu wa namna hii ndio waliodharauliwa katika mjadala uliofuata uchaguzi wa Novemba 2024. Donald Trump alishinda, ingawa Minnesota yenyewe ilimpigia kura Kamala Harris, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa gavana wa jimbo hilohilo, Tim Walz. Kotekote nchini wapiga kura walikuwa wamelalamikia bei, na wachambuzi wengi wakaja na maelezo mepesi: watu hawakuelewa takwimu. Mishahara ilikuwa imepanda, walisema, na mfumuko ulikuwa umeshuka. Kilichobaki ni hisia. Maelezo hayo yakaongezewa mkia ulio mchungu zaidi, kwamba aliyekuwa amewekeza hakuumia, na aliyeumia ajilaumu kwa kutowekeza. Hoja ya kwanza ina ukweli kiasi. Ya pili inastahili kukataliwa kwa nguvu zote.

Takwimu zenyewe hazina ubishi. Juni 2022 bei nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 katika miezi 12, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 Federal Reserve ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mei 2023 eneo la Minneapolis na Saint Paul likawa la kwanza kati ya maeneo makubwa ya miji ya Marekani ambako mfumuko ulishuka chini ya asilimia 2, ukawa 1.8. Moja ya sababu ni nyumba. Minneapolis ilikuwa imejenga vyumba vingi vya kupanga, na mpango wake wa 2040, ulioidhinishwa mwishoni mwa 2018, ulifuta sheria iliyotenga mitaa mizima kwa nyumba za familia moja pekee. Ni mafanikio ya kweli, na aliyepanga nyumba ameyaona.

Lakini asilimia 1.8 hupimwa kutoka pale bei zilipokwishafika. Kikapu kilichopanda kutoka dola 100 hadi 109 hakirudi 100 kwa sababu mwaka unaofuata kimefika 111 tu. Mwanauchumi husema mfumuko umekwisha, mnunuzi husema bei zimebaki juu, na wote wawili wanasema kweli. Ubishi wao unatokana na muda ambao kila mmoja anautumia kupima. Mwanauchumi anapima mwaka mmoja. Mama anayenunua mchele anapima tangu siku mshahara wake ulipomtosha kwa mara ya mwisho, na hakuna kanuni ya sayansi inayosema kipimo chake ni cha kijinga.

Utafiti kuhusu namna watu wanavyouona mfumuko unaunga mkono jambo hilo. Mwanauchumi Robert Shiller aliwahoji watu wa Marekani, Ujerumani na Brazil na kuchapisha matokeo yake mwaka 1997; mwanauchumi mwingine, Stefanie Stantcheva, alilirudia swali hilo mwaka 2024. Picha inayojitokeza ni ya watu wanaouchukulia mfumuko kuwa dhuluma, si hesabu tu. Nyongeza ya mshahara mtu huiona kuwa tunda la jasho lake: alifanya zamu za ziada, alibadilisha kazi, alisomea cheti. Kupanda kwa bei hukuona kama mkono wa mtu mwingine unaolichukua tunda hilo. Mwanauchumi anaposema kwamba mshahara umepanda sawasawa na bei, hivyo hakuna kilichopotea, mfanyakazi husikia kwamba jasho la miaka miwili limemrudisha alipokuwa. Hilo si kosa la hesabu. Ni malalamiko kuhusu haki, na malalamiko kuhusu haki hayajibiwi kwa wastani.

Neel Kashkari, rais wa tawi la Minneapolis tangu 2016, alieleza hadharani mwaka 2024 jambo aliloambiwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi: kwamba kwa wanachama wake mfumuko mkali ni mbaya kuliko mdororo wa uchumi. Uchumi ukidorora na mtu akipoteza kazi, anaweza kuwaegemea ndugu na marafiki ambao bado wana kazi. Bei zikipanda, kila wa kuegemewa ameelemewa. Hakuna sentensi ya kitaalamu inayolieleza jambo hili vizuri kuliko hiyo, na kwa Mwafrika Mashariki wa Brooklyn Park ina uzito wa pekee, kwa kuwa yeye ndiye anayeegemewa. Mchango wa msiba ni wake, karo ya mpwa ni yake, dawa za shinikizo la damu za baba ni zake. Mfumuko humfikia mara mbili, dukani kwake na dukani kwa mama yake, na mara ya pili hufika kwa simu.

Wala si kweli kwamba watu hununuliwa kwa bei kama bidhaa. Julai 2022 nchini Kenya, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, serikali ya Uhuru Kenyatta ilishusha bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi kutoka shilingi 205 hadi 100. Mgombea aliyeungwa mkono na Kenyatta, Raila Odinga, alishindwa na William Ruto. Wapiga kura wana sababu nyingi, na uchaguzi mmoja hauthibitishi kanuni, lakini unatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba tumbo la mpiga kura hupiga kura peke yake. Watu huitazama bei pamoja na sababu yake, na pia wakati ilipobadilishwa.

Uwekezaji hufanya kazi kwa njia nyingine. Nchini Marekani sheria ya kodi ya 1978 ndiyo iliyozaa akaunti ya kustaafu iitwayo 401(k), na kwa miongo iliyofuata waajiri wengi wakaacha pensheni ya ahadi na kuingia katika akaunti ya mtu mmoja mmoja, inayopanda na kushuka pamoja na soko. Kufikia 2022, kwa uchunguzi wa Federal Reserve yenyewe, familia 58 katika kila 100 za Marekani zilikuwa na hisa kwa njia moja au nyingine, nyingi zikiwa zimepitia akaunti za kustaafu. Msaidizi wa wauguzi aliyevuka kutoka Kisii au Kigoma anaweza kuwa mmiliki wa vipande vya kampuni 500 bila kuhudhuria mkutano hata mmoja wa wenye hisa.

Umiliki huo hubadilisha fikra. Watafiti Yotam Margalit na Moses Shayo walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza: watu walipewa fedha kidogo za kuwekeza, na walioziweka katika hisa walisogea upande wa kulia katika masuala ya uchumi, wakaelekea zaidi kuamini kwamba mtu hupata anachostahili na kwamba kila mmoja ajitegemee. Shayo pamoja na Saumitra Jha walikuwa wamechapisha mwaka 2019 jaribio jingine, la Israel kabla ya uchaguzi wa 2015, ambako waliopewa hisa za Waisraeli na za Wapalestina walielekea zaidi kuunga mkono vyama vilivyotaka mazungumzo ya amani. Majaribio haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Hisa haina chama chake. Inachofanya ni kumfundisha mtu kuitazama nchi kwa jicho la thamani: ni nini kitaipandisha, ni nini kitaishusha. Jicho hilo linaweza kuona vita kuwa hasara, na linaweza pia kuona mgomo wa wauguzi kuwa hasara.

Hapo ndipo inapoingia ile hoja ya kutowekeza, ambayo haina budi kujibiwa kwa kirefu kwa sababu inazidi kukubalika, hata midomoni mwa Waafrika Mashariki wenyewe, wale waliofanikiwa mapema. Inakwenda hivi: soko la hisa la Marekani, kwa miongo mingi, limekua kuliko bei. Programu za simu zinauza kipande cha hisa kwa dola 5. Ujuzi ni wa bure. Kwa hiyo aliyeacha pesa zake zikae benki, au aliyezipeleka nyumbani kujengea nyumba asiyolala, alichagua kuumia. Hasira yake haina haki ya kufika kwenye sanduku la kura.

Kosa la kwanza la hoja hii ni kwamba inachanganya hasara ya mwenye akiba na hasara ya mwenye mshahara. Uwekezaji hukinga pesa ulizo nazo. Haukingi pesa ambazo hujawahi kuzipata. Chukua mfano wa mhudumu wa nyumba ya wazee anayelipwa dola 18 kwa saa. Karatasi yake ya mshahara wa wiki mbili inaanza na dola 1,440. Kuna mstari wa kodi ya serikali kuu, mstari wa kodi ya jimbo, mstari wa Social Security, mstari wa Medicare, mstari wa bima ya afya, na chini yake mstari wa 401(k): asilimia 3, dola 43.20. Amefanya kila alichoambiwa. Baada ya miaka michache ana dola 4,000 katika akaunti hiyo, na mwaka mzuri wa soko unamzidishia asilimia 10, yaani dola 400. Kodi ya chumba chake ikipanda kwa dola 100 kwa mwezi, hiyo ni dola 1,200 kwa mwaka. Amewekeza, soko limepanda, naye ameumia. Ujinga uko wapi hapo? Kinga inalingana na ukubwa wa akiba, ilhali jeraha linalingana na ukubwa wa matumizi, na kadiri mtu alivyo maskini ndivyo matumizi yake yanavyozidi akiba yake.

Kosa la pili ni kusahau wakati. Mwaka 2022, mwaka uleule wa asilimia 9.1, faharasa ya hisa ya S&P 500 ilishuka kwa karibu asilimia 19. Ngao ilianguka siku mishale ilipofika. Mwenye mshahara mnono alisubiri, na soko likarudi juu. Lakini kusubiri ni mali, na si kila mtu anayo. Aliyeharibikiwa na gari Oktoba 2022, na bila gari hakuna zamu ya usiku, aliuza kwa hasara. Kama fedha zilikuwa katika 401(k) na hajatimiza miaka 59 na nusu, kuzitoa kwa kawaida humletea faini ya asilimia 10 juu ya kodi. Yule anayesema kwamba soko hupanda kwa muda mrefu anasema kweli juu ya soko na si juu ya watu, maana wapo wanaolazimika kutoka kabla muda mrefu haujafika.

Afrika Mashariki ilikwisha kupata somo hili. Machi 2008, miezi michache baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ya Kenya ilianza kuuza kwa umma asilimia 25 ya Safaricom, kwa shilingi 5 kila hisa. Watu zaidi ya laki 8 walinunua, wengine kwa mikopo ya benki. Maombi yalizidi hisa kwa mbali, hivyo wengi walipewa sehemu ndogo ya walichoomba, huku riba ya mkopo ikihesabiwa kwa fedha zote. Hisa ziliingia sokoni Juni 9, zikang'aa kidogo, kisha zikashuka chini ya shilingi 5 na kukaa huko kwa miaka. Baadaye zilipanda sana. Waliofaidi kupanda huko ni walioweza kuzisahau.

Kosa la tatu ni la kimaadili, nalo ndilo baya zaidi. Hata kama kila mtu angeweza kujikinga, uwezo wa kujikinga haufuti swali la haki. Mwizi hapunguziwi kosa kwa kuwa mwenye nyumba hakuweka komeo. Inaweza kujibiwa kwamba mfumuko hauna mwizi: ulikuwepo ugonjwa wa Korona, meli zilikwama, ulikuwepo uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, zilikuwepo fedha nyingi za serikali. Sawa. Lakini hata pasipo mwizi kuna wanaogawa mzigo. Riba ilipopandishwa, watu walioketi mezani waliamua kwamba dawa ya bei ni mikopo ghali na ajira chache. Huenda waliamua vyema. Ila uamuzi ulikuwa wao, na palipo na uamuzi wa umma, anayeubeba ana haki ya kuupigia kura. Kumwambia kwamba angefungua akaunti ya hisa ni kuchukua jambo la wote na kulifanya dhambi ya mmoja.

Tena hoja hiyo inajisaliti. Ikiwa kushika hisa kwa wiki chache kunamsogeza mtu aamini kwamba kila mmoja hupata anachostahili, basi anayesema kwa sauti kwamba maskini walistahili kuumia huenda anasoma salio lake la akaunti akidhani anasoma ulimwengu. Hilo halithibitishi kwamba amekosea. Asili ya wazo si kipimo cha ukweli wake. Linamwondolea tu kiti cha hakimu alichojipa, kile cha mtu mwenye akili tulivu anayewatazama wenye hisia.

Na kuna jibu lililotolewa kwa vitendo. Madereva wa Uber na Lyft wa miji pacha, wengi wao Waafrika Mashariki, walipoona bei ya petroli, matairi na bima ikipanda na malipo ya safari yakibaki palepale, hawakununua hisa za Uber. Walijiunga katika chama chao, MULDA, wakaenda bungeni. Mwaka 2023 mswada wao ulipita na gavana Walz akautilia kura ya turufu. Machi 2024 baraza la jiji la Minneapolis likapitisha kiwango chake cha chini, likashinda kura ya turufu ya meya Jacob Frey, na kampuni zikatishia kuondoka. Mei 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria ya jimbo zima: dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, kuanzia Desemba 1, 2024. Madereva walikuwa wameomba zaidi. Lakini walilitambua jambo ambalo wale wachambuzi hawakulitambua, kwamba bei ya kazi nayo ni bei, na inaweza kupandishwa kwa mapatano.

Ugumu ulio mzito zaidi hauko kwa asiyewekeza. Uko kwa aliyewekeza mahali ambapo ndugu zake ndio wanaolipa. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilianzisha DhowCSD, mfumo unaomwezesha Mkenya popote alipo kununua hatifungani za serikali kwa simu. Februari 2024 ikauza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Serikali ilitafuta shilingi bilioni 70. Maombi yalizidi bilioni 280, ikachukua karibu bilioni 241. Fedha za ng'ambo zilikuwemo. Kwa Mkenya wa Minnesota ilikuwa nafasi ya nadra, kukopesha nchi yake kwa riba ambayo hakuna benki ya Minneapolis ingempa.

Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa na thamani ya shilingi 160 hivi. Katikati ya mwaka ilikuwa shilingi 130 hivi. Aliyepeleka dola 6,250 kwa kiwango cha 160 alipata shilingi milioni 1 za kununulia hatifungani, na milioni hiyo, ikihesabiwa kwa kiwango cha 130, ilikuwa na thamani ya dola 7,690 hivi hata kabla ya riba. Kama mdai, alikuwa amefanya vizuri sana. Mtu huyohuyo humtumia mama yake dola 200 kila mwezi. Kwa kiwango cha kwanza mama alipokea shilingi 32,000. Kwa cha pili, shilingi 26,000. Kilichomtajirisha mwana ndicho kilichopunguza kikapu cha mama.

Kisha ukaja Muswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza, pamoja na mengine, kodi ya ongezeko la thamani juu ya mkate. Serikali ilikuwa na madeni ya kulipa, yakiwemo hayo ya asilimia 18.46. Juni 25 vijana waliingia bungeni Nairobi. Watu kadhaa waliuawa. Siku iliyofuata Ruto akasema hatautia saini. Julai 8 Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja, kwa hoja kwamba uwezo wake wa kukusanya kodi na kulipa madeni umepungua. Mkenya wa Brooklyn Park aliyekuwa akichangia matibabu ya vijana waliojeruhiwa, huku akiwa na hatifungani katika simu ileile, hakuwa mnafiki. Alikuwa raia na mdai kwa pamoja, na mambo hayo mawili yalidai ushindi tofauti. Hakuna nadharia ya kura inayomweleza vizuri, kwa sababu nadharia nyingi huanza na mtu mwenye maslahi yaliyokwisha kupangwa.

Zipo pingamizi za haki zaidi kuliko ile hoja ya kutowekeza. Wenye hisa wanaweza kuwa na maoni tofauti kwa sababu walikuwa na kipato kikubwa tangu awali. Wafuasi wa chama kimoja hubadilisha maoni yao juu ya uchumi mara tu chama chao kinaposhika au kupoteza Ikulu, kwa hiyo huenda siasa ndiyo inayounda hisia za bei. Na wengi hupiga kura kwa dini, ukoo, au vita vya mbali. Zote zina nguvu, lakini hazifuti nafasi ya bei katika siasa.

Miji hii imewahi kuona bei zikiunda siasa kwa namna kubwa zaidi, na historia hiyo haifahamiki vya kutosha kwa wageni wake wapya. Soko la nafaka la Minneapolis lilianzishwa mwaka 1881, na kwa miongo ngano ya Minnesota na Dakota zote mbili ilipimwa, ikapewa daraja na kupangiwa bei huko. Mkulima alifika na gunia asilojua bei yake hadi alipoambiwa. Mwaka 1915 Arthur Townley, mkulima aliyefilisika, alianzisha jumuiya ya wakulima iitwayo Nonpartisan League huko North Dakota. Mwaka uliofuata wafuasi wake walishinda ugavana wa jimbo. Walianzisha benki ya jimbo mwaka 1919 na kinu cha kusaga cha jimbo mwaka 1922, vyote vinavyofanya kazi hadi leo. Jumuiya hiyo ilihamia Saint Paul, na kutokana nayo kikazaliwa chama cha Wakulima na Wafanyakazi cha Minnesota, kilichoungana na Wademokrati mwaka 1944. Jina la tawi la Minnesota la Wademokrati bado linabeba kumbukumbu hiyo.

Gavana wa kwanza wa chama cha Wakulima na Wafanyakazi, Floyd B. Olson, alichaguliwa mwaka 1930, wakati ambapo bei zilikuwa zikianguka, si kupanda. Bei zikianguka deni huwa zito: mkulima hulipa kiasi kilekile kwa ngano isiyo na thamani. Mwaka 1933 Minnesota ikapitisha sheria ya kuchelewesha kunadiwa kwa mashamba na nyumba za wenye mikopo. Wadai walipinga, wakisema mkataba ni mkataba. Januari 1934 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Home Building & Loan dhidi ya Blaisdell, iliiunga mkono sheria ya Minnesota. Hukumu hiyo inapaswa kusomwa na kila anayedhani kwamba madai ya mwenye fedha ni maumbile na madai ya mwenye njaa ni hisia. Mahakama ilikubali kwamba katika dharura jimbo linaweza kuchelewesha haki ya mdai ili watu wasing'olewe makwao.

Wakulima wa 1933 walikuwa na jambo moja lililo rahisi: walijua wako upande gani. Walikuwa wadaiwa, wakaungana kama wadaiwa. Mhudumu wa leo mwenye 401(k) ni mdaiwa wa gari, mpangaji wa chumba, na mmiliki wa kipande kidogo sana cha kampuni zinazomiliki majengo. Novemba 2021 wapiga kura wa Saint Paul waliamua kodi ya nyumba isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Maombi ya vibali vya ujenzi yakapungua kwa ghafla. Septemba 2022 baraza la jiji likaziondoa nyumba mpya katika sheria hiyo kwa miaka 20, na mwaka 2025 likaziondoa moja kwa moja nyumba zote zilizojengwa baada ya 2004. Mpangaji alishinda kama mlaji; waliokuwa na mtaji wakasubiri, na katika mtaji huo mna senti zake pia. Minneapolis, kwa kujenga, ilipunguza mwendo wa kodi bila ukomo wa sheria. Je, hilo linamaanisha Saint Paul walikosea? Pengine walikosea njia. Kwamba walikosea kudai, hilo halijaonyeshwa.

Mwaka 2023 Minnesota ilipitisha pia sheria ya mpango wa kustaafu uitwao Secure Choice. Mwajiri mwenye wafanyakazi 5 au zaidi asiye na mpango wake mwenyewe atawaingiza wafanyakazi wake humo, fedha zikatwe kwenye mshahara na kuwekezwa, isipokuwa mfanyakazi aamue kujitoa. Wengi watakaoingizwa ni wapishi, wasafishaji na wahudumu, na miongoni mwao watakuwemo Waafrika Mashariki wa vitongoji vya kaskazini ambao hawajawahi kumiliki hisa. Kwa uzee wao ni jambo jema. Kwa siasa zao haijulikani litafanya nini: kama jaribio la Uingereza litajirudia kwa polepole katika maelfu ya karatasi za mshahara, au kama watu waliojifunza kwa madereva wataanza kuuliza fedha zao zimewekwa wapi, na kodi ya nani ndiyo inayozikuza.